Mkwe Haulizwi Habari za Upepo

Siku mliyoniaga mlinipa kipaza sauti, nikasimama nacho, nikasema asanteni, nikakaa. Najua mlishangaa. Si kwamba sikuwa na la kusema, wanangu. Yalikuwa mengi mno, yakasongamana mlangoni, hakuna lililotaka kutangulia. Sasa nimekaa barazani kwangu Buguruni, asubuhi inapita mbele yangu bila kunidai chochote, na maneno yameanza kutoka yenyewe, mojamoja. Basi nayaandika. Vyeo sitavitaja, na mishahara nayo ilale ilipolala, haikuwa na makuu. Nitawaambia habari za matumbo, kwa maana ndiyo kazi niliyoifanya tangu ujana: kuweka mkono juu ya tumbo la mtu na kusubiri liseme.

Mimi ni mtu wa Tunduru. Nilimaliza mafunzo ya utabibu msaidizi nikapangiwa zahanati moja Kariakoo, jengo la chokaa lenye benchi refu nje na dirisha linalotazama uchochoro. Soko jipya lilikuwa bado linajengwa, wachuuzi wametapakaa mitaa yote ya jirani, na harufu ya dagaa, vitunguu na magunia mabichi ilikuwa inaingia mpaka kwenye chumba cha sindano. Nilifika siku ya kwanza na koti jeupe nililolipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Aliyenipokea alikuwa Mzee Komba, tabibu mkuu wa pale, Mngoni mwembamba, mpole, aliyekuwa anasema polepole kama mtu anayekumbuka ndoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ndugu Ausi. Koti zuri. Livue, uende sokoni kwa wauza nazi. Usinunue kitu. Kaa, usikilize."

Nikajua ananichezea. Nikaenda hivyo hivyo, nikakaa juu ya kigunia pembeni ya rundo la nazi. Muuza nazi anachukua moja, anaigonga kwa mgongo wa kisu, anaitikisa sikioni, anaitenga kushoto au kulia. Nikagonga za kwangu. Mwanzoni zote zilisema neno moja. Jua lilipopanda nikaanza kuota kidogo, na katika ule usingizi wa macho wazi sauti zikaachana: hii imejaa, inajibu kwa uzito, hii imekauka, inalia kwa wepesi, hii ina maji nusu. Nikarudi zahanati mbio. Mzee Komba akapanda kitandani, akafungua vifungo vya shati, akafumba macho.

"Gonga. Niambie wapi pana nyama, wapi pana maji, wapi pana upepo."

Ndivyo nilivyojifunza. Juu kulia, chini ya mbavu, pana ini, panajibu kwa uzito. Kushoto juu, kwenye mfuko wa chakula, panalia kwa wepesi, hasa kwa mtu aliyekunywa soda. Siku hizi mna mashine ya kumtazama mtu ndani mpaka mtoto akionekana anapiga miayo. Nawapongeza. Lakini umeme ukikatika, na unakatika, kidole chako cha kati bado kiko mkononi.

Kanuni ya Mzee Komba ilikuwa hii, na niliikuta baadaye hata vitabuni: macho, masikio, ndipo mikono. Kwanza mwangalie mgonjwa anavyolala, tumbo linavyopanda na kushuka, kama limevimba, kama lina kovu. Kisha sikiliza. Kisha gonga, kisha bonyeza, ukianzia mbali na panapouma. Kwa nini kusikiliza kuje kabla ya mikono? Kwa sababu tumbo ni kama mtu aliyesinzia. Ukianza kumtomasa ataamka, na hutajua tena alikuwa anaota nini. Na mkono uwe na joto, jamani! Nimewaona baadhi yenu mnamwekea bibi wa watu mkono uliotoka kwenye maji ya bomba, halafu mnaandika kwamba tumbo limekakamaa. Hata lako lingekakamaa.

Kifaa chetu cha kusikilizia kilikuwa kimoja. Mpira wake ulikuwa umepasuka kwa joto, tukauziba kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli, ukawa unanuka solusheni. Glavu tulikuwa tunazichemsha, tunazianika kwenye kamba uchochoroni, tunazipaka poda na kuzivaa tena, na wapita njia walikuwa wanatuuliza kama tunauza. Lakini ukikiweka kile kifaa juu ya tumbo la mtu mchana wa joto, foleni imepungua, mwadhini hajaadhini bado, loo! Nje kuna mji mzima unapiga kelele, na humu ndani kuna mji mwingine, wa chini, unaofanya shughuli zake bila kumjali mtu. Maji yanapita kwenye mifereji. Mlango unafunguliwa mbali, unafungwa. Kimya. Halafu mngurumo mrefu kama kiti kinachoburutwa chumba cha pili. Mara ngapi nimeinamia pale mpaka mgonjwa akauliza, "Daktari, umelala?" Nilikuwa sijalala. Nilikuwa safarini.

Safari yenyewe Mzee Komba aliwasimulia wagonjwa kila asubuhi pale kwenye benchi, na mimi sijaisikia ikisimuliwa vizuri kuliko hivyo. Tonge la ugali, anasema, linapokelewa mdomoni. Meno yanalisaga, mate yanalilainisha na kuanza kuugeuza wanga wake kuwa sukari, ndiyo maana ukitafuna ugali mkavu kwa muda unakuja utamu. Linashuka kwenye umio, halianguki tu, linasukumwa. Hata ukisimama kwa kichwa litafika, ila usijaribu hapa. Linaingia kwenye mfuko wa chakula, linakandwa kwa asidi kali mpaka linakuwa uji. Mlango wa chini unafunguka kidogo kidogo, uji unaingia utumbo mwembamba, ini linaleta nyongo ya kuvunja mafuta, kongosho linaleta maji yake. "Na hapa, ndugu zangu," anasema akiinua kidole, "ndipo kazi yenyewe. Utumbo mwembamba ndio mjamaa wa kweli. Unachambua, unanyonya, unapeleka kwenye damu ili kila kiungo kipate, mpaka unyayo. Haujilimbikizii hata chembe." Watu wanacheka, katibu wa tawi akiwepo anacheka kuliko wote. Kinachobaki kinakwenda utumbo mpana, maji yanarudishwa mwilini, na makapi yanasubiri mlangoni. Wakati mwingine nilikuwa nasikiliza nikiwa nimeegemea ukuta, na naliona lile tonge likitembea gizani, peke yake, bila haraka, likijua njia.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kuyajua maneno. Mtu wa Dar es Salaam akikuambia "moyo unauma," usikimbilie kifuani. Mwambie akuonyeshe. Mara nyingi kidole kinatua kwenye chembe cha moyo, juu ya tumbo, na ugonjwa ni vidonda au kiungulia. Angalia pia anavyoonyesha: anayetumia kidole kimoja anajua panapouma, anayepitisha kiganja kizima bado anatafuta. Tumbo la kukata si tumbo la kusokota, na la kusokota si la kuendesha. Miaka ile ya unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, kila tumbo la Kariakoo lilikuwa linalalamika, na kila ugonjwa ulikuwa unasingiziwa yanga. Nilimwuliza mtu mmoja aliyetoka kusini wiki ile, tumbo limemjaa, "Ndugu, umepata choo?" Akanijibu kwa furaha, "Nimepata, kiko nyuma ya nyumba, ila asubuhi kina foleni."

Na swali kubwa kuliko yote ni la upepo. Mtu mwenye tumbo lililovimba, anayetapika, ukijua kama upepo bado unamtoka kwa chini umejua kama njia iko wazi. Ukikatika kabisa, utumbo umefungwa mahali, na saa zake zinahesabika. Lakini utaulizaje? Nikisema "Hewa inapita?" naambiwa "Dirisha lipo." Nikisema lile neno lenyewe, mama wa Kiswahili anajifunika kanga usoni na sitamwona tena. Watu wa pwani wanaweza kukuonyesha kidonda popote kilipo, lakini kujamba hawajawahi, wao wala wazazi wao.

Mwenzangu aliyeliweza swali hilo alikuwa Sista Kabula, muuguzi wetu, Mnyamwezi wa Tabora, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Wagonjwa wetu wengi walikuwa Wazaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hana haya. Anaingia msibani anadai sanda, anakutukana unacheka, na wewe unamrudishia. Basi Kabula alikuwa anawauliza watani wake mambo ambayo mimi nisingeyauliza hata kwa maandishi, na wanamjibu! Mzee Komba alikuwa anasema utani ule ungewekwa kwenye orodha ya vifaa, tungeuagiza kila mwezi pamoja na pamba.

Mzee Komba akahamishiwa Kilwa, akaondoka na begi moja dogo na mwavuli. Mimi nikabaki na kile kifaa chenye kiraka, na nikaoa.

Nilimwoa Zuhura, Mzaramo wa Msimbazi, mtoto pekee wa Bi Mwanaidi. Baba yake alikuwa marehemu zamani. Tulikuwa tunaishi humo humo kwenye nyumba ya mama, chumba cha pili kushoto ukiingia, na yeye chumba cha mwisho karibu na uwani. Bi Mwanaidi alikuwa mpika vitumbua, mtaa mzima ulikuwa unaamshwa na harufu yake. Mimi na yeye tulikuwa wakwe, na mkwe ni mkwe. Nikipita ukumbini nakohoa kwanza. Tukikutana, nachuchumaa namwamkia nikitazama sakafu, anaitikia akitazama ukuta. Chakula chake sili mbele yake, chumbani kwake sikanyagi. Kwa miaka yote ile nilijua miguu yake kuliko uso wake. Nilikuwa nampenda sana yule mama, na yeye alikuwa ananiwekea vitumbua vya kwanza, vile vyenye kingo za dhahabu, lakini vinapitia mkononi mwa Zuhura.

Jumamosi moja harufu haikuja. Wateja wakabisha hodi, wakaambiwa mama amepumzika. Jumapili haikuja tena. Mchana wake nimelala chumbani, joto limekaa juu ya bati, nikasikia uwani mtu anatapika, kidogo kidogo, kwa kujificha. Sikio langu likaamka kabla yangu.

"Zuhura, nenda kamuulize mama kama amepata choo."

Akaenda. Nikamsikia mlangoni kwa mama yake: "Mama, Ausi anakuuliza hali."

"Mwambie sijambo. Tumbo limechafuka kidogo tu, ni hii yanga."

Akarudi. "Hajambo."

"Sikukutuma hujambo! Choo je? Na upepo?"

"Upepo gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Akaziba mdomo kwa kanga. "Nimuulize mama yangu hayo, kwa niaba yako wewe mkwewe? Ausi, una wazimu?"

"Zuhura, kama utumbo umeziba, mama anakufa. Hapo alipo, na hiyo sijambo yake mdomoni."

Akanitazama, kanga ikamdondoka. Alikuwa hana baba, hana ndugu, ana huyo tu. Akaenda tena, nikamsikia akianza, "Mama, samahani, eti..." sauti ikakatika, akaanza kulia. Na mama akambembeleza yeye! "Usilie mwanangu, sijambo, nimekwambia sijambo."

Nikavaa kandambili nikakimbilia kwa Kabula, chumba chake kilikuwa mtaa wa tatu. Nikamkuta anasuka nywele, upande mmoja umekwisha.

"Kabula, mtani wako anakufa kwa adabu. Njoo ukamuulize."

Akaja na nywele zile zile, nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Hakubisha hodi. Mimi nikasimama ukumbini, nje ya pazia la chumba cha mwisho, mgongo umeelekea ukutani.

"Mzaramo! Umeshakufa au bado? Nimekuja kurithi masufuria."

"Bado," sauti ikajibu, ndogo. "Na masufuria huyapati. Labda masizi yake."

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Acha sijambo zako. Siulizi hujambo, nauliza hujajamba?"

Nikaomba ardhi ipasuke nidumbukie. Nadhani hata kuku uwani waliacha kudonoa. Halafu Bi Mwanaidi akacheka. Kicheko kikaishia kwenye mguno wa maumivu.

"Nijambe nini, Mnyamwezi wewe? Si upepo wote mlibeba kichwani mkaenda nao Tabora?" Kisha sauti ikashuka, ikawa ya mtu aliyechoka kuficha. "Sijajamba, mtani wangu. Tangu juzi hakitoki kitu, si upepo wala choo. Na kutapika ndiyo hivyo, kijani, kichungu. Najikaza tu, mkwe asisikie."

Nikapitisha kile kifaa chenye kiraka, nilichokuwa narudi nacho nyumbani, chini ya pazia bila kutazama. Na hapo, wanangu, nikapima tumbo ambalo sikuliona wala kuligusa. Sijawahi kupima namna ile tena.

"Kabula, angalia kwanza."

"Nimeangalia. Limevimba, na kuna kitu kinatembea chini ya ngozi, kinapanda kinashuka."

"Hicho ni utumbo unasukuma. Sikiliza."

Nikafumba macho. Nilikuwa nasikia hata mimi, au niliota nasikia.

"Linatoa mlio mwembamba," Kabula akasema. "Kama tone la maji linaanguka ndani ya debe tupu. Maumivu yakija, linakimbia, halafu linanyamaza."

"Gonga."

Nikasikia kidole chake, ti, ti, ti. Nazi kavu. Upepo mtupu ulionyimwa njia.

"Sasa mtazame pale paja linapokutana na tumbo. Pande zote mbili, usiache."

"Mtani, geuka. Hee! Hiki ni nini?"

"Kijipu hicho. Kipo siku zote, kinatoka kinarudi. Ijumaa niliinua pipa la maji, kikatoka kikakataa kurudi."

"Kabula, kikoje?"

"Kama kokwa ya embe. Kigumu. Nikigusa anaruka."

Ile ilikuwa ngiri ya pajani, ndogo, inayojificha kwa wanawake wa makamo, na kitanzi cha utumbo kilikuwa kimenasa humo kimebanwa shingo. Damu ikikosa kupita kule ndani, utumbo unaoza, na ukioza, mgonjwa amekwisha. Dawa yake ni kisu tu, na leo hii.

"Hospitali siendi," Bi Mwanaidi akasema. "Wakanipasue wanaume?"

Kabula akatania, akabembeleza, akatukana. Zuhura akalia. Siendi, siendi. Basi nikafanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Nikasogea mpaka pua yangu ikagusa pazia, nikasema naye moja kwa moja.

"Mama, ni mimi, Ausi. Utumbo wako umenaswa. Ukilala hapa leo, kesho tutakuosha. Na Zuhura hana mama mwingine wa kwenda kumtafuta."

Nikasikia kitanda kikilia, anageuka kuelekea pazia.

"Nani amemruhusu mkwe kuongea?" akauliza hatimaye. Kisha, polepole: "Nileteeni buibui langu."

Jumapili alasiri zamani zile magari ya watu binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani, amri ya kubana petroli, na teksi zenyewe zilikuwa zimelala kwa ukame wa mafuta. Tukampata hamali mmoja wa kwetu Tunduru, mwenye mkokoteni wa kubebea magunia. Tukatandika godoro, tukamlaza, tukamfunika kanga. Msimbazi ilikuwa tupu, nyeupe kwa jua, barabara pana haina gari hata moja, na sisi tunatembea katikati yake kama tumeota. Gurudumu lilikuwa linalia. Mimi nilikuwa natangulia mbele, nisimtazame, nahesabu maguno yake kwa nyuma. Kabula alikuwa pembeni, anamwambia mtani wake asife njiani maana hamali atadai nauli ya kwenda na kurudi.

Hospitali kubwa walimpokea wakampeleka kupasuliwa jioni ile ile. Nesi wa chumba cha upasuaji alinisimulia baadaye: walipofungua, kitanzi kilikuwa kimeiva rangi ya zambarau, karibu cheusi. Daktari hakukikata. Alikifungua pale kilipobanwa, akakifunika kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, na wote wakasimama wakitazama. Wakasubiri. Rangi ikaanza kurudi, kwanza ukingoni, kisha katikati, mpaka utumbo ukawa wa waridi, halafu ukajikunja wenyewe, kidogo, kama mtoto anayeota. Wakaurudisha ndani wakashona.

Mtadhani imekwisha. Haijaisha. Utumbo ulioshikwashikwa unazimia, unalala fofofo, na mpaka uamke mgonjwa hali wala hanywi. Ukilala muda mrefu, au kama kile kitanzi hakikupona kweli, tumbo linajaa upya na safari hii hakuna wa kulifungua. Dalili ya kuamka ni ile ile moja. Wodi nzima ilikuwa inaijua. Bi Mwanaidi alikuwa amelala na dripu mkononi na mpira puani, midomo imekauka, anaomba maji hapewi, na kila nesi anayepita anainama kumsikiliza tumbo. Kimya. Kesho yake, kimya. Tumbo likaanza kujaa tena. Daktari akapita, akagonga, akakunja nyusi, nami nikajua maana yake.

Zuhura alikuwa analia sana, mama yake akamtoa: "Nenda kalie nje, humu unaniongezea joto." Akakaa uwanjani, penye mikeka, na wanawake wengine wenye wagonjwa wao. Kabula akakaa kitandani kwa mtani wake. Mimi nilikuwa kwenye veranda, chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta, uso kwa nje, kama adabu inavyotaka.

Alasiri ikawa ndefu. Feni ya wodini ilikuwa inazunguka inakwaruza. Nilikuwa sijalala vizuri tangu Jumapili, macho yakanielemea, nikaanza kuteremka kwenye ule mji wa chini. Milango yote imefungwa. Taa zimezimwa. Natembea kwenye uchochoro mrefu, laini, hakuna maji yanayopita, hakuna kiti kinachoburutwa, nagonga ukuta kwa kidole changu cha kati, hakuna anayejibu. Nikawa nasema, amkeni, jamani, amkeni, mama ana kiu. Mbali sana, mwisho wa uchochoro, nikasikia mngurumo. Ukaja. Ukakaribia. Ukapita juu ya kichwa changu, nikashtuka macho, na sauti ikatoka dirishani, si ya ndotoni, ya kweli, ndefu, yenye kupanda na kushuka, haina aibu yoyote.

Halafu vigelegele vya Kabula vikapasua wodi, kitanda cha pili wakasema alhamdulillahi, cha tatu wakasema Bwana asifiwe, na sauti ya Bi Mwanaidi ikasikika ikinong'ona, "Jamani, mkwe yupo dirishani?"

Nilikuwa nakimbia, machozi yananitiririka mpaka shingoni. Zuhura aliniona natokea kwenye pembe ya jengo, akaniona ninavyolia, akasimama, mikono miwili ikaenda kichwani.

"Zuhura," nikamwambia nikihema, nikitafuta neno la heshima, neno linalofaa kusemwa juu ya mama wa mtu, mbele ya wanawake wale wote. "Mama... hewa... hewa imemtoka."

Akapiga ukelele, akaanguka chini. Wanawake wakaanza kuvua mitandio, mmoja akaanza, "Inna lillahi..." Nikaona nilichofanya. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamshika mabega, adabu ya miaka yote ile nikaitupa uwanjani.

"Si hivyo! Zuhura, nisikilize!" nikapaza sauti mpaka madirisha ya wodi yakajaa vichwa. "Mama amejamba!"